Habari Moja, Machozi Tofauti

Hebu jaribu jambo moja jioni ya leo. Ifikapo saa mbili usiku, redio au televisheni inapoanza kutoa taarifa ya habari, usimtazame msomaji wa habari. Watazame watu wa nyumbani mwako. Maneno yanayosomwa ni yale yale kwa wote, lakini baba ameacha kula na kusogeza kiti chake mbele. Kijana anaendelea na simu yake kana kwamba hakuna lililosemwa. Bibi ameinuka polepole na kwenda chumbani bila kuaga. Mtoto mdogo akiuliza, "Bibi ana nini?" tunamjibu upesi, "Amechoka."

Huenda bibi hakuchoka hata kidogo. Huenda habari ya leo imegonga mlango, na aliyeitikia hodi ni msiba wa miaka arobaini iliyopita.

Sisi akina mama ndio tunaoachiwa kazi ya kutuliza nyumba baada ya habari mbaya. Ndiyo sababu tumeona vema mwezi huu tuzungumze juu ya kumbukumbu: zile tulizozipata wenyewe na zile tulizorithi kwa wazazi wetu, na jinsi zinavyotuamulia nini tuogope, nini tupuuze, na nani tumwonee huruma.

MAMA ALIYEZALIWA MWAKA 1965

Tuuchukue mkoa wa Kagera uwe mfano wetu, kwa sababu umeona mengi katika umri wa mtu mmoja. Tufikirie mama aliyezaliwa huko mwaka 1965.

Alikuwa na miaka 13 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na watu wakakimbia wakiacha migomba, ng'ombe na nyumba. Alikuwa na miaka 18 mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania walipogunduliwa katika mkoa huo huo wa Kagera. Alikuwa amekwisha kuwa mama wa watoto tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza. Alikuwa na miaka 51 siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipobomoa maelfu ya nyumba. Na siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 wakafa kati ya 43 waliokuwamo.

Sasa mama huyu anapoambiwa na redio, "Kuna ugonjwa usiojulikana," au "Chombo kimezama," je, anasikia kile anachosikia msichana wa miaka ishirini? Hapana. Msichana anasikia habari. Mama anasikia majina. Hatuna budi kuelewa tofauti hiyo kabla ya kumwambia mtu, "Wewe nawe una woga."

UGONJWA MPYA, HOFU YA ZAMANI

Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia wilayani Bukoba. Waliougua walikuwa 9, na kati yao 6 walifariki. Tarehe 2 Juni mwaka huo ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo, ukaua watu 10, na kufikia tarehe 13 Machi 2025 nao ulikuwa umetangazwa kwisha.

Kwa wengi wenye umri mkubwa, neno "ugonjwa mpya" halikuwa jipya. Liliwarudisha miaka ya 1980, wakati watu walikonda na kufa huku jirani wakinong'ona. Kabla jina UKIMWI halijazoeleka, kule Kagera wengine waliuita "Juliana", kwa jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi. Wagonjwa walifichwa vyumba vya nyuma. Mabibi walibaki na wajukuu sita, saba, wanane, bila mtoto hata mmoja wa kuwasaidia.

Kumbukumbu hiyo ina faida yake. Aliyezika ndugu zake hacheki mtu wa afya anapomwambia anawe mikono au asimguse marehemu. Hahitaji kuhimizwa mara mbili.

Lakini kumbukumbu hiyo hiyo inaweza kutupotosha, maana hujibu swali la leo kwa jibu la jana. Virusi vya UKIMWI hukaa mwilini miaka mingi pasipo dalili. Marburg si hivyo. Mtu huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi au majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa aliyekufa kwa ugonjwa huo, na dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21. Ndiyo maana mwaka 2023 watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Aliyemaliza siku hizo akiwa mzima, ni mzima. Anaweza kurudi kusuka nywele, kuuza ndizi na kukaa kanisani na wenzake.

Hapo ndipo penye hatari. Wagonjwa watatu walipona mwaka ule. Mtu kama huyo anaporudi kijijini, anapokelewa na nani? Na jirani anayekumbuka kwamba mwaka 1987 "waliorudi kutoka hospitali walirudi kufa"? Jirani huyo anaweza kumfungia mlango mtu asiye na ugonjwa, na moyoni mwake akaamini kwamba analinda watoto wake. Hana nia mbaya. Kumbukumbu yake haikuambiwa kwamba mambo yamebadilika.

Hata UKIMWI wenyewe haupo tena pale tulipouacha. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa, na leo mtu anayezitumia vizuri hulea watoto wake hadi wakaoa na kuolewa. Hata hivyo, bado mama anaweza kusikia neno hilo na kuanza kupanga matanga.

MAJI YALIYOCHUKUA WATU WETU

MV Bukoba ilikuwa ikisafiri kutoka Bukoba kwenda Mwanza. Ilibeba watu wengi kupita uwezo wake. Inakadiriwa kwamba waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na wengi wao walizikwa pamoja pale Igoma, Mwanza, ambapo pana makaburi na mnara wa kumbukumbu. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau habari ya tundu lililotobolewa kwenye meli iliyopinduka, kwa nia ya kuwaokoa waliokuwa wakigonga kutoka ndani; hewa ikatoka, meli ikazama.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, nacho pia kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Waliokufa walizidi 220. Katika nyumba nyingi za kanda ya ziwa, watu hawakulia msiba mmoja siku ile. Walilia miwili.

Sasa tufikirie nyumba moja. Binti amepata kazi upande wa pili wa ziwa, na nauli ya meli ndiyo anayoiweza. Mama anasema, "Sitaki kusikia. Ukipanda chombo cha majini, mimi si mama yako." Binti alizaliwa mwaka 2001, kwake MV Bukoba ni jambo la kwenye kitabu. Anamwona mama yake mkali asiye na sababu. Mama naye anamwona binti mjeuri. Wanaachana kwa maneno mazito, na hakuna aliyemtaja mjomba aliyekuwa ndani ya meli ile, ambaye picha yake ipo ukutani sebuleni.

Tuseme wazi: mama huyo hana kosa kuogopa. Lakini angalia kumbukumbu yake inachoweza kumfanyia binti. Ikibaki imefungwa kifuani, huwa kufuli: "Usiende." Ikielezwa, huweza kuwa maswali ya kumwokoa: "Chombo kinabeba watu wangapi, na leo wamepanda wangapi? Jaketi za kujiokolea zipo, na unajua kuivaa? Hali ya hewa ikoje? Wakijaza watu kupita kiasi, shuka, hata kama nauli imepotea, nitakutumia nyingine." Maneno hayo yametoka kwenye kaburi la Igoma, na binti atayakumbuka bandarini. Marufuku peke yake angeivunja kwa siri.

MUME NA MKE, NJAA MBILI

Jambo hili halihusu misiba mikubwa tu. Liko hata kwenye stoo zetu.

Mume amekulia Dodoma. Utotoni aliona njaa ya miaka ya 1974 na 1975, wakati mvua zilipokosekana na watu wakala mahindi ya njano ya msaada, wenyewe wakayaita yanga. Mke amekulia Bukoba kwenye migomba, ambako hakuona njaa ya namna hiyo. Lakini anakumbuka miaka ya baada ya vita, Mwalimu Nyerere alipokuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na ile miezi ikageuka miaka. Anakumbuka foleni ya sukari, na kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni.

Redio inasema mvua zimechelewa na bei ya mahindi imepanda. Kesho yake mume anarudi na magunia sita, ametumia fedha ya ada. Mke anawaka: "Tutakula mahindi au watoto watasoma?" Mwezi unaofuata redio inasema bidhaa kutoka nje zimepanda bei. Sasa ni zamu ya mke: mume anafungua kabati na kukuta miche ya sabuni imepangwa hadi juu, na chumvi ya kutosha kijiji kizima. Naye anasema, "Mke wangu, unafungua duka?"

Dada zetu, wawili hawa hawagombani juu ya mahindi wala sabuni. Kila mmoja anamlinda mwenzake na njaa ambayo mwenzake hakuiona. Wangeulizana kwa upole, "Kwenu mwaka ule ilikuwaje?" wangejua la kununua na la kuacha. Mke hujifunza mengi juu ya mume wake kwa kumsikiliza akieleza habari ambayo hakuweza kuisikia akiwa ametulia.

MACHOZI NA VIGELEGELE

Maandiko yanajua jambo hili. Katika kitabu cha Ezra, sura ya 3, watu waliorudi kutoka uhamishoni waliweka msingi wa hekalu jipya kule Yerusalemu. Vijana wakashangilia kwa nguvu. Lakini wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza wakalia kwa sauti, hata kelele za furaha na za kilio zikachanganyika zisiweze kutenganishwa. Msingi ulikuwa mmoja. Waliokumbuka walilia, na wasiokuwa na la kukumbuka walishangilia. Na tuone kwamba Ezra hawakemei wazee kwa kulia, wala vijana kwa kushangilia. Wote walikuwa waaminifu kwa yale waliyoyaona.

Na Naomi je? Alikuwa ugenini Moabu, amemzika mume na wana wawili, aliposikia habari kwamba kwao Bethlehemu kuna chakula tena. Angeweza kusema, "Kule nilikimbia njaa, sirudi." Aliamka akarudi. Kumbukumbu ya njaa haikumzuia kusikia habari njema.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Waliosoma mambo ya akili nao wametazama jambo hili. Mwaka 1977 Roger Brown na James Kulik wa Marekani walieleza jinsi watu wanavyokumbuka mahali walipokuwa na walichokuwa wakifanya waliposikia habari nzito. Sisi tunalijua hilo. Muulize mama yeyote mtu mzima alikuwa wapi aliposikia kwamba Sokoine amefariki, tarehe 12 Aprili 1984, au Mwalimu, tarehe 14 Oktoba 1999. Atakutajia hata mboga iliyokuwa jikoni.

Lakini kuna la kutahadhari. Chombo cha anga Challenger kilipolipuka Januari 1986, mtaalamu Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi, asubuhi ya pili yake, jinsi walivyoipata habari ile. Karibu miaka mitatu baadaye aliwauliza tena. Wengi walisimulia tofauti na walivyoandika wenyewe, huku wakiwa na hakika kabisa. Kwa hiyo mtu anaweza kukumbuka kwa machozi ya kweli na bado akakosea tarehe, mahali au aliyesema nini. Tunaposimulia familia habari za zamani, ni vizuri kumwita dada mkubwa au shangazi naye aseme alivyoona.

Baada ya mabomu ya Boston ya mwaka 2013, watafiti waliona kwamba waliofuatilia habari zile saa sita au zaidi kila siku katika wiki ile walikuwa na mfadhaiko mkubwa kuliko hata waliokuwa karibu na mlipuko. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba waliokuwa wamepitia misiba mikubwa kabla walishtuka zaidi. Jeraha la zamani likiguswa tena na tena na picha zile zile, halipoi.

MAMA AFANYE NINI?

Kwanza, habari ikikushtua kuliko inavyowashtua wengine, simama ujiulize: "Hii inanikumbusha nini?" Ukiweza kulitaja jambo lenyewe na mwaka wake, utaweza pia kuona ni wapi la leo linafanana nalo na ni wapi halifanani.

Pili, usiitume habari mbele kwenye simu moyo wako ukiwa bado unadunda. Ngoja taarifa ya wahusika, kisha uamue.

Tatu, waeleze watoto hadithi nzima. Wengi wetu tunawapa watoto hofu bila kuwapa hadithi: wanajua kwamba bibi haendi ziwani, hawajui kwa nini. Waambie ilivyotokea, nani alisaidia, na ilivyokwisha. Kule Kagera vita viliisha, nyumba zilijengwa, yatima walikua. Mtoto asiyeambiwa mwisho hudhani msiba ungali nje ya mlango.

Nne, wakati wa msiba wa taifa, taarifa moja au mbili kwa siku zatosha. Mtoto mdogo anayeona ndege ile ile ikianguka mara kumi hudhani zimeanguka ndege kumi. Zima, mpe kazi ya mikono, kisha mwombee pamoja naye waliofiwa.

Tano, bibi akiinuka na kwenda chumbani, mtu amfuate. Asiende kumhoji, aende na kikombe cha chai na kukaa. Mara nyingi ataanza mwenyewe. Tusimcheke, wala tusiharakishe kumwambia kwamba yale yamepita. Na kama mtu yeyote nyumbani hapati usingizi, anaota ndoto mbaya au anashtuka ovyo kwa zaidi ya mwezi mmoja, apelekwe kituo cha afya. Hilo si upungufu wa imani, kama vile malaria si upungufu wa imani.

Sita, kumbukumbu ipewe kazi. Mama wa Ngara aliyeona wakimbizi wapatao 250,000 wakivuka kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili 1994, anaposikia leo kwamba watu wanakimbia vita kwingine, anaweza kukumbuka misitu iliyokwisha kwa kuni, na si uongo. Anaweza pia kumkumbuka mama aliyejifungua njiani, na hilo nalo si uongo. Yote mawili yamo ndani yake. Ni juu yake kuamua lipi limnyanyue kwenda kutafuta kanga ya kutoa.

Habari mbaya hatuwezi kuzizuia. Zitasomwa kesho, na kesho kutwa. Lakini ndani ya nyumba zetu tunaweza kujua ni nani anayelilia nini, na hilo likijulikana, anayelia halii peke yake. Mungu atupe masikio ya kusikiliza, kwanza redio, kisha wale tunaokaa nao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni habari gani inayokufanya utake kuzima redio? Watoto wako wanajua sababu yake?

2. Ni hofu gani uliyorithi kwa mama yako ambayo wewe hukuiona kwa macho? Inakulinda, au inakufunga?

3. Mume wako anaogopa kupungukiwa na nini nyumbani? Umewahi kumwuliza ilianza lini?